Uhai Saba Katika Daftari la Kemilembe

Mwanza, Jumatano, baada ya chai

Mutalemwa,

Nani amekupa ruhusa ya kumtoa mtoto katika nyumba yangu? Nyumba hiyo si yako. Bado sijafa. Jicho moja limefungwa kitambaa lakini la pili linaona mpaka huko Muleba, na linakuona ulivyokaa kwenye kiti cha marehemu baba yako, umekunja uso kama mtu mwenye akili. Mwanamume mzima, uliyekwenda vitani ukarudi, leo unamkimbia mtoto wa kike wa miaka kumi na tatu kwa sababu ya daftari la shule! Aibu naiona mimi niliye mbali, wewe uliye karibu huioni.

Sasa nikusalimu, maana sikulelewa porini. Hujambo? Mke wako Yustina hajambo? Watoto wanashiba? Homa yako imekwisha au bado unajifunika blanketi mchana? Mvua zimeanza? Ile migomba ya upande wa chini umeitandikia nyasi kama nilivyokuagiza, au umeiacha uchi? Mimi sijambo kidogo. Daktari amenitoa mtoto wa jicho, akasema nisiiname, nisibebe kitu, nisipande meli mpaka aniangalie tena baada ya wiki mbili. Wiki mbili! Nyumba ya dada yako Adela imejengwa juu ya mawe, huwezi kupata mahali pa kuchomeka hata jembe. Natoka mlangoni, nakwenda mpaka kwenye pipa la maji, narudi mlangoni. Adela ananiambia, "Mama, kaa basi, utatoboa sementi." Nikikaa, miguu inatembea yenyewe chini ya kiti. Hata barua hii nimeianza asubuhi, nimeinuka mara tatu, na jicho linatoa machozi bila kuniuliza.

Barua yako ilinifika Jumamosi, imefungwa pamoja na daftari la Kemilembe. Mama mmoja muuza kahawa ndiye aliyeshuka nayo kutoka melini. Uliandika hivi, na ninayo hapa mbele yangu usije ukakana: "Mama, nimekuta jina langu limeandikwa uhai saba, na jina la marehemu mdogo wangu Rwegasira limeandikwa sifuri. Huyu mtoto anatuhesabia siku za kufa. Mpelekee daftari mtaalamu wa huko Mwanza aliangalie." Ukasema umemhamisha mtoto alale kwa katekista. Ukasema Jumapili baada ya misa ukoo utakaa, mtoto apelekwe kwa wajomba zake Ijuganyondo, na sehemu ya baba yake katika kibanja chetu cha migomba na mikahawa aishike yule mzee Ta Byera.

Mtaalamu nimempata. Ni mimi.

Usicheke. Wewe ulimaliza darasa la saba, mimi nilisoma ngumbaru, jioni baada ya kulima, tumekaa akina mama ishirini kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Lakini mwalimu wetu alitufundisha kitu kimoja ambacho wako hakukufundisha: kusoma mpaka mwisho. Daftari lile nimelisoma lote. Nilitumia siku mbili, kwa jicho moja, kidole juu ya mstari. Pale nilipokwama Adela alinisomea. Na pale Adela alipokwama tulimwita mumewe, Fulgensi, na hapo ndipo nyumba ilipogeuka baraza.

Kwanza nikueleze daftari lenyewe ni la nini, maana hukuuliza. Uliogopa kwanza, kuuliza ukasahau. Unamkumbuka yule msichana wa kizungu aliyekuja kukaa parokiani kufundisha yatima, yule uliyesema anavaa viatu vya mwanamume? Siku za mvua, watoto walipokosa pa kuchezea, aliwafundisha mchezo. Kila mtoto anajitungia shujaa. Anaandika kwenye daftari jina la shujaa, nguvu zake, mwendo wake, akili yake, na uhai wake. Mmoja wao anakuwa msimulizi. Msimulizi anasema, mko msituni, mbele yenu kuna jitu, mtafanya nini? Kila mmoja anasema shujaa wake atafanya nini, halafu wanarusha dadu, hizi hizi za ludo. Dadu zikikataa, shujaa anaumia, uhai unapungua. Dadu zikikubali anapita. Akimaliza safari anapanda ngazi, anazidi kupata nguvu. Basi. Hakuna unga wala hirizi ndani yake. Haya yote Kemilembe ameyaandika kurasa za mwanzo kwa mwandiko mzuri kuliko wako, na kichwa cha habari amekipigia mstari kwa rula: "Sheria za Mchezo." Wewe uliruka kurasa hizo ukaenda kutafuta jina lako.

Ukurasa wa tano kuna maneno haya: "Nani ana nguvu zaidi, shujaa wetu au wapiganaji wa magazeti ya picha?" Inaonekana watoto walibishana parokiani. Adela alipousoma kwa sauti, Fulgensi aliweka chini redio aliyokuwa anaitengeneza. Yule mkwe wangu ni mtu mkimya, unamjua, mtu wa Nyanga, adabu nyingi, hajawahi kuketi karibu nami hata hatua tatu. Lakini kumbe ana ugonjwa wake. Chini ya kitanda ana sanduku la magazeti ya picha, yale yale mliyokuwa mkinunua nyinyi wawili kwa yule Mhindi wa dukani Miembeni, mkibadilishana mpaka yanakatika katikati. Mtu na mvi zake! Akayaleta mezani akayapanga kama sahani.

"Mama," akasema, "huyu mtoto amekosea. Hakuna shujaa wa dadu anayemweza huyu."

Akanionyesha jamaa mmoja mwenye mapaja kama magogo, kavaa chupi juu ya suruali. Nikamwuliza, "Huyu hana mama wa kumvalisha?" Adela akacheka mpaka akamwaga chai. Fulgensi hakucheka. Akafungua ukurasa mwingine. Jamaa anapiga kilima ngumi, kilima kinapasuka. Ukurasa mwingine anainua meli na abiria wake wote, kwa mkono mmoja, na ule mwingine ameuweka kiunoni. Wanampiga risasi, risasi zinadunda kifuani kama mahindi kwenye ungo.

"Sasa huyo wa Kemilembe," akasema Fulgensi, "ngazi ya kwanza ameumwa na mbwa. Hapa, soma. Mbwa, Mama! Uhai ukapungua mbili."

Adela akamjibu, "Hiyo ni ngazi ya kwanza. Soma mbele. Akifika ngazi ya ishirini anasimamisha upepo. Anaita moto kutoka mawinguni. Anamfufua mtu aliyekufa. Huyo wako amewahi kumfufua nani?"

"Wangu hana haja. Yeye mwenyewe hafi."

"Hafi kwa sababu mchoraji anataka kuuza gazeti la mwezi ujao."

"Na wako ataishi kwa sababu ya dadu? Dadu ni bahati. Nguvu ya bahati si nguvu."

"Na nguvu ya mchoraji ni ya nani? Huyo hawezi hata kupiga chafya kama hajachorewa pua!"

Walibishana hivyo mpaka viazi vikaungua. Mimi nilisikiliza, naenda mlangoni narudi. Nitakwambia nilivyoona. Kama ni nguvu tupu, Fulgensi ana haki yake: mbele ya yule mpasua vilima, shujaa wa Kemilembe wa ngazi ya kwanza, ya tano, hata ya kumi, ni kifaranga. Akifika ishirini, hapo sasa hata mpasua vilima aombe msamaha, kwa sababu ngumi haipigi upepo. Lakini sikuhitaji kujua hilo. Nilihitaji kujua uhai saba ni nini. Nikasema, leteni dadu, mnichezeshe.

Ungeniona. Jumapili mchana, mama yako mzazi, jicho limefungwa, anarusha dadu mezani na mkwe wake. Watu wa Muleba wangenitungia wimbo. Fulgensi akawa msimulizi kwa sababu ndiye anayejua mambo ya mapigano. Dadu zikanipa nguvu nne, mwendo mbili, akili kumi na moja. Nikasema dadu hizi zina adabu. Uhai zikanipa sita. Adela akapata nguvu kumi, akaanza kujigamba kama jogoo.

Tukafika kwenye daraja. Fulgensi akasema jitu limekaa katikati ya daraja, lina rungu, halipishi mtu. Adela akataka kulikata. Nikasema, ngoja. Nikaliuliza jitu, "Tangu asubuhi umekula nini?"

Fulgensi akanitazama. "Mama, jitu haliulizwi chakula."

"Lina tumbo au halina?"

"Lina tumbo."

"Basi jibu."

Akafikiri, maskini. Akasema, "Halijala tangu jana."

Nikalikaribisha. Nikalipa ndizi na senene za kukaanga, nikalimiminia pombe yetu ya rubisi kibuyu kizima, nikalisifia rungu lake. Nikarusha dadu za akili, zikakubali. Jitu likalala, tukavuka juu ya miguu yake. Adela akapiga makofi. Nikamwuliza Fulgensi, "Huyo wako wa kupasua vilima angefanya hivyo?" Akasema, "Hapana, Mama. Yeye angelitupa mtoni." Nikasema, "Na kesho ndugu za jitu wangekuja."

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipoelewa. Chini ya daraja kulikuwa na joka la maji. Likatoka, likanivamia. Fulgensi akarusha dadu, ikatoka tano. Maana yake nimepoteza uhai tano, nimebakiwa na moja. Mkwe wangu akaitazama ile dadu. Akatazama darini. Akasema, "Mama, limekukosa."

Nikasema, "Dadu imesema tano."

"Limepita pembeni, Mama."

"Fulgensi, mimi nina jicho moja na ninaiona tano."

Jasho likamtoka. Akasimama, akarudi hatua mbili nyuma ya kiti kama anavyosimama siku zote ninapoingia. "Mama, siwezi," akasema. "Joka lingine lolote. Siwezi kukuuma mimi." Heshima ya ukwe ilimbana hata kwenye karatasi. Adela alikuwa amelalia meza kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nilichukua kalamu nikajikata mwenyewe ile tano, nikaandika moja.

Na nikaikalia ile moja. Kwa sheria zao, mtu wa uhai moja hawezi kukimbia, hawezi kubeba mzigo, akiguswa tu ameanguka. Lazima mwenzake ambebe. Au mwenzake ammiminie uhai wake, akitaka. Sheria hiyo Kemilembe ameiandika kwa kalamu nyekundu: shujaa anaweza kumpa mwenzake uhai, lakini anachotoa kinamtoka kweli. Adela akanimiminia tatu zake, na kujigamba kukapungua. Nikajua kwamba zile namba hazimwandikii mtu kifo. Zinaandika amepita wapi na ametoa nini.

Nimeinuka nikanywa maji. Meli imepiga honi huko bandarini, moyo wangu ukaruka kama wa mtoto, nikakumbuka sina ruhusa. Haya, nimerudi.

Tukafungua ukurasa wako.

Kemilembe ndiye msimulizi na ndiye mchezaji, anacheza peke yake. Anacheza na nani, ikiwa wenzake wameambiwa wasimkaribie? Mashujaa wake ametuita sisi. Kuna Bibi Koleta, yuko ng'ambo ya ziwa, jicho limefunikwa na wingu, na safari yao ni kumletea dawa. Kuna Baba Mkubwa Mutalemwa, uhai kumi na tano, mwenye uhai mwingi kuliko wote. Kuna baba yake Rwegasira. Kuna yeye Kemilembe, uhai sita. Mama yake hamo. Pale jina la mama yake lilipopaswa kuwa ameacha mistari miwili mitupu.

Nakunukulia, maana ulilituma daftari hata kulisoma hukulisoma. "Rwegasira amebakiwa na uhai mmoja. Hawezi kutembea. Baba Mkubwa Mutalemwa anampakia kwenye baiskeli. Anaisukuma kutoka kwetu mpaka hospitali, mvua inanyesha, kilima kinateleza. Kilima kinamtoa tatu. Kumi na mbili. Baba Mkubwa anammiminia mdogo wake tano. Saba."

Hiyo ndiyo saba yako, Mutalemwa. Kumi na tano, ukatoa tatu kwa kilima, ukatoa tano kwa mdogo wako. Mtoto alikuona. Siku ile ulipomfunga Rwegasira kwa khanga yangu kwenye baiskeli asianguke, ukaisukuma mpaka viganja vikachubuka, alikuwa nyuma yako amebeba godoro kichwani. Sisi tulidhani analia tu.

Halafu Rwegasira anafika sifuri. Na hapa ndipo Fulgensi alipotoka nje akakaa juu ya jiwe. Kwa sheria zao, shujaa wa Kemilembe alikuwa amefika ngazi ya ishirini. Sijui amerusha dadu mara ngapi peke yake huko jikoni. Alikuwa na ruhusa ya kumfufua baba yake. Ameandika mwenyewe: "Ninaweza." Na mstari wa chini yake: "Lakini Baba amelala kibanjani karibu na migomba, amechoka. Tusimwamshe. Tuendelee kwa Bibi."

Ulipofika hapo kwenye sifuri na saba ulifunga daftari, ukapiga kelele ukoo mzima ukaja. Hukufungua ukurasa unaofuata. Nakusamehe nusu: kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa uji. Adela alizibandua kwa kisu, polepole. Ndani yake imeandikwa: "Baba Mkubwa ana saba na ana homa. Safari bado ndefu. Mimi nina sita. Nampa tatu. Baba Mkubwa: kumi. Kemilembe: tatu."

Mtoto uliyemtoa nje alishakupa nusu ya uhai wake, na anakwenda na tatu. Uzisome hizo tatu. Uzisome na za kwako.

Mawe, mama yangu! Mkono umechoka, lakini sijamaliza na wewe.

Najua unaogopa nini. Hukuogopa daftari. Umeogopa ile homa. Tumezika, mwanangu. Tumezika mpaka tukakosa maneno ya kuombolezea, tukawa tunarudia ya jana. Ugonjwa huu wa kukonda ulipoanza tuliuita kwa jina la yale mashati ya magendo yaliyovushwa mpakani, kana kwamba ni kitu cha kuvua ukatundika msumarini. Kila mwanamume akikohoa anahesabu mbavu zake. Sasa ukaona jina lako na namba inayoshuka, ukasema, nimemwona anayeniua, kumbe ni huyu mdogo. Ni rahisi kumwogopa mtoto kuliko kwenda kupimwa damu. Nenda Bukoba ukapimwe. Kama unayo, unayo, nitakuja nikuuguze kama nilivyomwuguza mdogo wako, na sitakuonea haya. Kama huna, mshukuru Mungu, ulime. Lakini usimtwike mtoto homa yako.

Tena nikuambie jambo nisilopenda kuliandika. Ujinga huu hukuuokota njiani, umeurithi kwangu. Rwegasira alipokuwa anakwisha, mimi nilimpelekea mganga mbuzi. Mganga akaniambia mkono unatoka Ijuganyondo, kwa mama mkwe wa Rwegasira. Nami nilikwenda. Nilisimama katika kiwanja cha yule mama, siku tatu baada ya yeye kumzika binti yake, nikamwita mchawi mbele ya watu. Alikuwa anapepeta maharagwe. Aliendelea kupepeta. Miaka mitatu sasa tunapishana sokoni Bukoba kama mawe. Wewe unajua hayo, ulikuwa umenishika mkono. Na bado unataka kumpeleka Kemilembe huko huko, afike kwenye nyumba tuliyoitukana, ametukanwa na sisi kwa tusi lile lile? Atamwambia nini bibi yake, kwamba sasa zamu yake imefika? Nikipona nitakwenda Ijuganyondo mwenyewe, kwa miguu yangu, kuomba radhi. Hiyo ni safari yangu. Usinitangulize mtoto.

Na huyu Ta Byera, binamu wa marehemu baba yenu, mzee wa ukoo, ndevu nyeupe. Huruma yake kwa ukoo ilianza lini? Ilianza mikahawa ya Rwegasira ilipoanza kuzaa vizuri. Alikuja matangani mikono mitupu akaondoka amejaza kikapu. Amekwambia mtoto wa kike hashiki kibanja. Mwambie mimi mke wa marehemu nimekishika tangu mume wangu afe, nimekilima vita vikipita, watu wa Kyaka wanakimbilia kwetu na mbuzi wao, nikawalaza humo humo kibanjani. Hakuna mgomba ulioniuliza mimi ni mwanamume au mwanamke. Sehemu ya Rwegasira ni ya Kemilembe. Kaburi la baba yake liko humo. Atakayetaka kumtoa anitoe mimi kwanza, na mimi nina akili kumi na moja.

Fulgensi bado anashikilia kwamba mpiganaji wake wa magazeti ndiye mwenye nguvu zaidi. Jana ameniambia, akiwa mbali kama kawaida, "Mama, nakubali shujaa wa Kemi ana akili, lakini kwa kuinua meli hatamweza." Nikamwambia amwache ainue meli, maana mimi nahitaji moja ya kunirudisha nyumbani. Lakini baadaye alikuja na maneno mengine. Alisema, "Mimi nayapenda haya magazeti kwa sababu huyu jamaa harudi nyumbani akakuta ameachiwa watoto wa ndugu yake. Hachoki. Hana ndugu." Nikakukumbuka ulivyorudi vitani, miguu imevimba, ukaomba maji ya chumvi uitumbukize. Nilikuuliza umepigana vipi, ukasema, "Mama, tulitembea." Ukayachukua magazeti yako yote ya picha ukayawashia moto wa jikoni, moja moja, ukiyatazama yanavyojikunja. Sikukuuliza tena. Kwa hiyo wewe hukupaswa kufundishwa na mtoto kwamba hata shujaa huchoka. Ulikuwa unalijua kwa miguu.

Fulgensi anapanda meli ya kesho Alhamisi. Analeta barua hii na daftari. Ijumaa atakuwa Bukoba, na siku hiyo hiyo atapata gari la Muleba. Nimemwagiza Jumapili awasomee wanaukoo ukurasa wa sheria, ukurasa wa baiskeli, na ule uliogandana. Atasoma kwa sauti kubwa na hataruka mstari. Lakini kusoma ni kwake, kusema ni kwako. Utasimama wewe, si yeye. Utasema, nilisoma nusu nikamsingizia mtoto. Maneno hayo hayatakuua. Nimeyahesabu, ni manne tu.

Msalimie Yustina mkeo, mwambie nimesikia kwa yule muuza kahawa kwamba alikuwa akimpelekea Kemilembe uji kwa katekista bila wewe kujua, na Mungu ambariki mikono. Msalimie katekista Simeoni aliyempa mtoto wangu mahali pa kulala, na mkewe. Wasalimie watoto wako wote kwa majina, wakiulizwa na yeyote waseme wamecheza na Kemilembe na wataendelea kucheza. Msalimie jirani yangu Ma Auleria, mshirika wangu wa kupalilia, mwambie jicho litaona, aniwekee mbegu za maharagwe. Ta Byera umsalimie pia, nisije nikaitwa mkosa adabu. Dada yako Adela anakusalimu na anasema umemtia aibu mbele ya mumewe.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa na sijakukataa,
Koleta

Sasa fanya hivi. Fulgensi akifika usimpe kiti, usimpe maji. Ondokeni wote wawili muda huo huo mwende kwa katekista, ubebe wewe godoro la mtoto, umrudishe nyumbani Ijumaa hiyo hiyo, alale chumbani mwangu kwenye kitanda changu. Jumapili ukoo ukifika, ukipitisha kahawa ya kutafuna kama tunavyowapa wageni wa heshima, usianze na Ta Byera. Anza na Kemilembe. Mpe kwa mikono miwili, na usikae mpaka ameipokea.